Nijulishe Kama Umefika

Darasa letu la jioni liko Katindo, juu ya duka la saruji;
vumbi hupanda ngazi kabla yetu, likakalia viti vya mbele.
Mwalimu Nsimire ameandika ubaoni maneno mawili,
*ifu* upande wa dirisha, *wedha* upande wa mlango,
akasema: yote mawili ni kama.

Basi tumemaliza, akasema Paluku, akifunga daftari.
Anauza simu Birere, kila dakika yake ina bei.

Hatukuwa tumemaliza.
Kwanza wedha ilitushinda mdomoni.
Ulimi wa Goma hauna subira na dh:
dhambi kwetu ni zambi, dhahabu ni zahabu,
na wedha ikatoka *weza*.
Hatujui weza mlima utalala leo.
Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamkatikia.

Kifaransa, kile tulichochapiwa fimbo, kina *si*,
neno moja limewatosha wao na watoto wao.
Lakini si kwetu ni kukana,
ndiyo maana utotoni niliamini
kwamba mzungu akitaka kuuliza huanza kwa kukataa.
Na kama yetu, maskini, ina kazi tatu kwa mshahara mmoja:
inafananisha, inaweka sharti, inauliza,
na ukivuka Sake ukapanda Masisi alfajiri
utaikuta imechuchumaa chini ya ng'ombe, inakama.

Ifu haisimami nyuma ya *kuhusu*.
Ifu haishiki kitenzi kisicho na mtu:
kwenda, kurudi,
kungoja.
Hapo ni wedha tu, alisema, yenyewe imezoea mzigo wa pande mbili,
kama chukudu, mkaa mbele, viazi nyuma,
ndiyo na hapana kwa kamba moja.

Niliandika kungoja. Niliipigia mstari, sijui kwa nini.
Kitenzi kisicho na mtu.

Halafu ukaja mfano wa mwisho.
Nijulishe *ifu* unakuja:
usipokuja, kaa kimya, hujakosea.
Nijulishe *wedha* unakuja:
uje, usije, neno lako nalidai.

Kalamu ikasimama.

Mwezi wa pili Katembo alipanda Fuso ya kwenda Walikale,
akakaa juu ya magunia ya chumvi, koti langu mabegani mwake.
Usiku nikamwandikia:
nijulishe kama umefika.
Maneno matatu, na salio la mwisho.

Mimi nilimaanisha yote mawili.
Kama umefika, niambie.
Kama hukufika, ndipo uniambie zaidi.
Lakini yeye aliisoma kama ipi?
Tangu mdogo alikuwa mtu wa kushika maneno yalivyo;
mama akimwambia usile mpaka nirudi,
alikaa na sahani ya sambaza mpaka ikapoa, mpaka nzi wakashiba.
Labda aliisoma ile ya dirishani.
Labda bado hajafika,
na asiyefika hana deni la jibu,
na kule aliko, barabarani au kando ya barabara,
ananyamaza kwa utiifu.

Mama huniuliza kila Jumapili, "Amesema kama..."
halafu anainua kifuniko cha sufuria,
anaangalia maji.

Madamu, akauliza Paluku, na kwenye mtihani nikishindwa kuchagua?
Weka wedha, alisema, akifuta ubao kwa kiganja.
Mara nyingi haitakuangusha.

Nilishuka wa mwisho.
Chini vijana walikuwa wanapakia saruji, nyusi nyeupe kama za wazee,
mmoja akanipisha ukutani.
Nikafungua ule ujumbe wa mwezi wa pili, nikaunakili,
nikaongeza herufi nne:
nijulishe kama umefika au la.

Tiki moja.
Nikapanguza kioo cha simu kwa kitenge,
nikatazama tena.